Mbwa mzee wa lupango: tumsaidie azoee mahali mapya pa kulala usiku



Katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya mihogo, maharagi, mbegu ya mahindi na magonjwa ya kuku. Leo tunaongea juu ya mbwa. Wengine watacheka: mbwa naye iko na shida gani ya kulala? Lakini jiulize: usiku, wakati wote mumelala, ni nani anayechunga mbuzi zako, kuku zako na magunia yako? Koperative nyingi haziwezi kulipa zamu wa usiku kila mwezi. Zamu wao ni mbwa. Na mbwa huyo, sawa vile mtu, anazeeka.

Siku hizi mambo mengi yanabadilisha mahali ambapo mbwa analala. Familia inajenga zizi jipya mbali na nyumba. Koperative inamaliza depo ya mabati na inataka mbwa ahamie pale. Jiko la nyasi linabomolewa, linajengwa la matofali. Na kuna familia zilizokimbia vita, zikarudi au zikafikia kwa ndugu, na mbwa wao mzee wakaja naye. Mbwa kijana anazoea haraka. Mbwa mzee hazoei haraka, na usipomsaidia utapata shida mbili kwa mara moja: hamtalala, na mali yenu haitachungwa.

Habari ya mbuzi watatu

Tuanze na jambo lililotokea kwa mama mmoja, memba wa koperative, kule juu milimani ambako usiku baridi ni kali. Mama huyo alikuwa na mbwa wa miaka karibu kumi na mmoja. Tangu udogo wake mbwa alilala jikoni, kando ya masiga, pamoja na mbuzi waliofungwa kwenye pembe ya jiko. Moshi, joto, harufu ya mbuzi, sauti ya watu nyuma ya ukuta: hayo ndiyo yalikuwa maisha yake ya usiku.

Halafu familia ikafanya kazi nzuri tuliyofundishana sisi wote: ikatoa mbuzi jikoni na kuwajengea zizi la mbao, mita kama arobaini kutoka nyumba. Mbwa naye akapelekwa kule siku hiyo hiyo, akafungwa kwa kamba fupi mbele ya mlango wa zizi, juu ya udongo mtupu. Usiku wa kwanza alilia mpaka asubuhi. Wa pili vilevile. Mtoto mkubwa wa nyumba akatoka na fimbo, akampiga. Mbwa akanyamaza kidogo, akaanza tena. Majirani wakaanza kunung'unika: «Huyu mbwa iko nalia usiku muzima, hatulali tena. Mumutoe ao tutamutoa sisi wenyewe.» Kila mtu alielewa maana yake: kuna watu wanaoweka sumu ndani ya kipande cha nyama.

Usiku wa tisa mbwa alibweka tena, kwa nguvu, muda mrefu. Hakuna aliyetoka. Baba aliweka blanketi juu ya masikio. Asubuhi walikuta mlango wa zizi wazi, mbuzi watatu hawako, na mbwa amekaa pale pale, kamba shingoni.

Mbwa huyo alifanya kazi yake. Aliita. Lakini kwa usiku nane alikuwa ameita bila wezi kuwa pale, kwa sababu ya baridi, ya kamba na ya woga, na watu walikuwa wamezoea kutomsikiliza. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: mbwa anayelia kila usiku ni sawa na kengele iliyoharibika. Siku wezi watakuja kweli, hakuna atakayeamka.

Kwa nini mbwa mzee anapata shida kulala mahali mapya?

Mbwa akifika miaka saba, nane, uzee unaanza kuonekana. Mbwa wakubwa wa mwili wanazeeka mapema, wadogo wanachelewa kidogo. Tazameni mambo haya matano.

*Maungo yanauma.* Magoti, nyonga na mgongo wa mbwa mzee vinakauka. Utamwona anasimama pole pole asubuhi, anazunguka mara nyingi kabla ya kulala, anakataa kuruka kizingiti alichokuwa anaruka bila shida. Baridi na unyevu vinaongeza maumivu. Simenti ni mbaya zaidi: inanyonya joto la mwili usiku wote. Depo mpya ya simenti ni nzuri kwa mahindi, lakini kwa mbwa mzee aliyelazwa chini bila kitu, ni mateso.

*Macho yanafifia.* Wengi munaona macho ya mbwa mzee yamekuwa na rangi ya bluu au ya maziwa. Mchana bado anaona. Usiku, kwenye giza, anagonga vitu. Mahali alipozoea, anatembea bila shida kwa sababu anajua kila jiwe. Mahali mapya hajui mlango uko wapi, na anaogopa.

*Masikio yanapungua.* Mbwa asiyesikia vizuri anashtuka mtu akimfikia karibu bila yeye kujua. Anaweza hata kumuuma mtoto wa nyumba, siyo kwa ukali, ila kwa kushtuka.

*Mkojo haungoji.* Mbwa mzee hawezi kubana mkojo usiku mzima kama zamani. Akifungwa ndani ya chumba au kwa kamba fupi, analia kwa sababu anataka kutoka. Mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala.

*Akili inachanganyikiwa.* Kama wazee wetu wengine, kuna mbwa wanaozeeka wakaanza kusahau. Mchana analala sana, usiku anatembea bila kupumzika, anasimama mbele ya ukuta, anabweka kwa hewa. Mahali mapya panaongeza mchanganyiko huo.

Ongezeni tena kwamba mbwa anajua dunia kwa pua. Sisi tukihama tunaona nyumba mpya, nzuri. Yeye ananusa rangi, simenti, mbao mbichi, na hapati harufu hata moja ya watu wake. Na mvua ikianza kupiga mabati, yeye aliyelala miaka kumi chini ya nyasi, anafikiri dunia inaanguka.

Kwanza, tujiulize: ni lazima ahame?

Kabla ya kuanza kazi, familia au komite ya koperative ikae na ijiulize swali hili. Wakati mwingine jibu ni hapana. Mbwa wa miaka kumi na mbili asiyesikia tena hataweza kuchunga depo iliyo peke yake kando ya barabara, hata mumfanyie nini. Huyo abaki nyumbani karibu na mlango, na mutafute mbwa kijana kwa ajili ya depo.

Lakini kama mbwa bado anasikia, bado anabweka mtu mgeni akipita, na ni uzee wa maungo tu, anaweza kuhama vizuri. Anahitaji kitanda kizuri na majuma mawili ya uvumilivu. Hilo tu.

Neno moja juu ya depo: msimlaze mbwa ndani, pamoja na mbegu zilizopakwa dawa, wala mahali munapotega sumu ya panya. Ile dawa ya rangi iliyopakwa kwenye mbegu ni sumu. Na mbwa akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa. Mahali pake ni nje, chini ya baraza la depo, upande usiopigwa na upepo.

Kitanda: vitu tulivyo navyo tayari

Hakuna kitu cha kununua dukani. Mabaki ya mbao za ujenzi yanatosha.

1. Tengeneza kichanja kilichoinuka kutoka chini sentimita 10 mpaka 15. Kisipite hapo, kwa sababu mbwa mzee hawezi kuruka. Lengo ni hewa ipite chini na unyevu usipande.

2. Upana wake umwezeshe mbwa kulala amejinyoosha, siyo amejikunja tu. Mbwa wa kwetu wa kawaida anatosha kwenye mita moja kwa sentimita 70. Pima mbwa wako akiwa amelala mchana, halafu ongeza kiganja kimoja kila upande.

3. Juu ya mbao weka majani makavu au maganda makavu ya mahindi, unene wa kiganja kilichosimama. Shindilia ndani ya gunia la zamani, ushone mdomo wa gunia. Hapo majani hayatawanyiki, na unaweza kuanika gunia juani.

4. Simamisha ukuta pande tatu na paa lenye mteremko. Mlango utazame upande ambao mvua haitoki. Kama paa ni la mabati, weka nyasi juu yake: zinapunguza kelele ya mvua usiku na joto la jua mchana.

5. Kama mlango uko juu, weka mbao moja yenye mteremko mbele, na ipigilie vijiti vidogo ili mbwa asiteleze.

6. Kila juma anika gunia, na kila mwezi badilisha majani. Viroboto na kupe wanapenda kitanda cha zamani. Majani ya zamani yachomwe, yasitupwe kwenye zizi la mbuzi.

Na kamba? Mbwa mzee anayelala nje asifungwe kwa kamba fupi. Akipigwa na mvua hawezi kukimbia, akitaka kukojoa hawezi kutoka, mbwa wengine wakimshambulia hawezi kujitetea. Kama lupango haina uzio na ni lazima kumfunga siku za kwanza, kamba iwe ndefu, ifike kitandani, kwenye maji, na mahali pa kukojoa mbali na kitanda. Ifungwe kwenye mkanda mpana wa shingo, siyo kitanzi.

Majuma mawili ya kuhamisha mbwa

Kosa la yule mama na familia yake halikuwa kuhamisha mbwa. Kosa lilikuwa kufanya yote siku moja. Fuateni njia hii, pole pole.

*Siku ya 1 mpaka ya 4.* Mbwa analala bado mahali pake pa zamani, lakini juu ya gunia jipya. Harufu yake inaingia ndani ya gunia. Chukua pia nguo chakavu ya mtu anayempa chakula, usiifue, iweke ndani. Wakati huo huo, kila mchana, peleka mbwa mahali mapya. Mpe chakula chake pale. Akae, anuse, akojoe pembeni, arudi. Usimlazimishe kuingia ndani ya kibanda. Weka kipande cha bugali yenye mchuzi wa samaki ndani, halafu ngoja aingie mwenyewe.

*Siku ya 5 mpaka ya 8.* Hamisha gunia na mbwa jioni. Mtu mmoja wa nyumba, yule mbwa anayemsikiliza sana, akae naye pale mpaka alale. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa moja. Vijana wanaweza kupokezana. Wengine wanalala kabisa pale kwenye baraza usiku mbili, tatu. Hiyo siyo aibu: munachunga depo yenu pia.

*Siku ya 9 mpaka ya 14.* Mtu anakaa muda mfupi, anaenda, anarudi mara moja kutazama, halafu haendi tena. Kama mbwa amerudi mwenyewe nyumbani usiku, usimpige. Mrudishe bila makelele, na usiku unaofuata kaa naye kidogo zaidi. Mbwa mwingine atahitaji majuma matatu, hata mwezi. Pima kwa mbwa wako, siyo kwa kalenda tu.

Msianze kazi hii wakati wa mvua kubwa. Sisi wa Kivu, ambao msimu wa A tunaupanda kuanzia mwezi wa tisa, wakati mzuri ni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Mvua zikianza, mbwa atakuwa ameshazoea.

Mambo ya jioni yanayosaidia usingizi

Chakula kikuu apewe mapema, kabla ya giza, siyo saa ya kulala. Bugali iliyopikwa vizuri, na mchuzi wa sambaza au mifupa iliyochemshwa, ni laini kwa meno yaliyochoka. Mifupa yenyewe ya kuku msimpe, inavunjika kama sindano na kumchoma tumboni. Matumbo na mapafu mabichi ya mbuzi na kondoo msimpe pia, kwa sababu ndani mwake kunaweza kuwa na mbegu za minyoo, na minyoo ile inatoka kwa mbwa inaingia kwa watoto wetu.

Maji yawe pale usiku kucha, yasinyimwe. Kumnyima mbwa mzee maji kunaweza kuumiza figo zake. Ila kama anaanza kunywa maji mengi sana kuliko zamani, mwambie veterineri.

Kabla ya kulala, mtembeze dakika 10 ili akojoe na maungo yapate joto. Mchana usimwache alale tu: aende na mchungaji kidogo, ageuke, anuse. Mbwa aliyelala mchana wote hatalala usiku, sawa vile mtoto.

Njia ya kutoka kitandani mpaka mahali pa kukojoa iwe moja, isibadilishwe. Msiache majembe, mawe au mitumba ya mbao pale. Kwa mbwa asiyeona, hiyo njia ndiyo macho yake.

Kwa mbwa asiyesikia, kila mtu wa nyumba ajue: tunamfikia kutoka mbele, tunapiga mguu chini kidogo ili asikie mtetemo, halafu ndipo tunamgusa. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa aliyelala.

Wawindaji wa msitu wetu wa Kongo tangu zamani wanavalisha mbwa kengele ya mti shingoni, ili wajue mbwa yuko wapi ndani ya majani. Njia hiyo inaweza kutusaidia. Mbwa mzee anayepotea usiku, mvalishe kengele ndogo nyepesi. Utajua kama anatembea, kama ametulia, kama ametoka lupango.

Akibweka usiku, tufanye nini?

Tutoke. Hata kama tumechoka. Kila mbweko una maana yake, na mwenye mbwa anajifunza kuutofautisha.

Mbweko wa nguvu, wa haraka, mbwa amesimama na anatazama upande mmoja: kuna mtu au mnyama. Itaneni, tokeni wawili ao watatu na taa, msitoke peke yenu.

Kilio kirefu, chembamba, mbwa anazunguka: anatafuta watu wake, ao anataka kukojoa. Mtembeze kidogo, mrudishe, ongea naye kwa sauti ndogo.

Kulia kwa maumivu wakati anasimama ao anageuka: ni maungo. Tazama kama kitanda kimelowa.

Mbweko unaoendelea bila kutazama upande wowote, mbwa anaonekana amepotea: ni akili ya uzee. Msogelee, mguse, mwongoze kitandani. Taa ndogo ya sola ikiachwa karibu yake inasaidia wengine kutulia.

Mambo mawili msifanye. Msimpige, kwa sababu mbwa anayepigwa kwa kubweka atanyamaza hata mbele ya mwizi. Na msimpe chakula kila akilia, kwa sababu atajifunza kwamba kulia kunaleta bugali.

Onyo la dawa

Wengine wanaona mbwa anaumwa miguu, wanampa vidonge vya watu vya maumivu. Tafadhali, hapana. Ibuprofeni inaharibu tumbo na figo za mbwa. Parasetamoli, mukikosea kipimo, inaua ini. Kuna dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na ni veterineri anayejua kipimo. Kama veterineri iko mbali, msaada wenu ni joto: kitanda kikavu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya kitambaa, ikiwekwa kando yake usiku wa baridi kali, na yeye awe na nafasi ya kuiepuka.

Onyo kubwa zaidi: je, ni uzee ao ni kichaa cha mbwa?

Tusome sehemu hii mara mbili. Uzee unakuja pole pole, kwa miezi. Kichaa cha mbwa kinakuja kwa siku chache. Mbwa aliyekuwa mpole ghafla anauma bila sababu, ama aliyekuwa mkali ghafla anajificha. Sauti yake inabadilika. Mate yanamwagika, taya linaning'inia, anashindwa kumeza, anayumba. Ukiona hivyo, usiseme «ni uzee tu» ao «anasumbuliwa na kuhama». Msimguse, ondoeni watoto, mwite veterineri ao chefu wa kijiji pale pale.

Mtu akiumwa ama kukwaruzwa, oshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa ao hapana. Dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa mtu, karibu wote wanakufa. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu duniani wanaupata kwa mbwa, na chanjo ya mbwa ndiyo inaukata. Kila mwaka tarehe 28 mwezi wa 9 ni siku ya dunia ya kupiga vita kichaa cha mbwa. Mbwa mzee naye anachanjwa. Koperative ikiandika hesabu ya mbwa wote wa wamemba na kumwita veterineri kwa siku moja, safari yake inagawanywa kwa wengi, na kila mmoja analipa kidogo.

Maswali ya wamemba

*«Mbwa amezeeka. Si afazali kumuua na kuchukua mwingine?»*
Hilo ni la familia. Lakini fikirieni: mbwa mdogo haji na kazi ndani ya kichwa. Anajifunza kwa mbwa mkubwa nani ni wa nyumba, nani mgeni, njia gani inapita wezi. Chukueni mdogo wakati mzee bado iko na nguvu. Wakae pamoja miezi sita, mwaka. Ila kila mmoja awe na kitanda chake, kwa sababu mdogo anacheza na mzee anataka kupumzika.

*«Tumerudi kutoka ukimbizini, mbwa wetu halali kabisa. Nyumba ni ile ile ya zamani.»*
Kwake siyo ile ile. Harufu zimebadilika, na yeye amejifunza kuogopa kelele za usiku. Mfanyieni sawa vile mbwa aliyehamia mahali mapya: gunia lenye harufu ya familia, mtu karibu, majuma mawili ao zaidi. Kwa mwezi wa kwanza, alale karibu ya mlango ambako anawasikia munapumua.

*«Jirani amesema ataweka sumu.»*
Mwende mumwone kabla ya kuhamisha mbwa, siyo baada. Mumwambie: kwa majuma mawili kutakuwa na kelele kidogo, mutuvumilie, tunafanya hivi na hivi. Mtu aliyeambiwa mbele anavumilia. Tena mbwa huyo anachunga na lupango yake.

*«Mimi ni mjane, sina mtu wa kukaa naye usiku.»*
Basi punguza njia. Hamisha kitanda mita mbili, tatu kila siku mbili, kutoka mlangoni kwako mpaka mahali unapotaka. Itachukua muda mrefu, lakini itafika.

Mwisho wa habari

Yule mama wa mbuzi watatu hakuwapata tena wanyama wake. Lakini alibadilisha mambo. Aliondoa kamba. Alipigilia kichanja kwa mbao zilizobaki za zizi, akajaza gunia maganda ya mahindi. Kitanda alikiweka kwanza kwenye mlango wa jiko, na kila siku mbili watoto walikisogeza kidogo kuelekea zizi. Walipofika katikati ya njia, mbwa alikataa kuendelea. Walijaribu usiku tatu, akarudi kila mara pale katikati. Basi wakamwacha. Walielewa kwamba pale anasikia mbuzi upande mmoja na watu upande mwingine. Wakamjengea paa pale pale, na kwa zizi wakatafuta mbwa mdogo.

Siku hizi mbwa mzee halii tena bure. Akibweka, baba anatoka na tochi, na jirani naye anafungua mlango.

Kwa kifupi, tukumbuke:

– Mbwa mzee asihamishwe siku moja. Majuma mawili, mchana kwanza, usiku baadaye.
– Kitanda kikavu, kimeinuka, chenye harufu yake na ya watu wake. Siyo simenti, siyo udongo mtupu.
– Hakuna kamba fupi, hakuna fimbo, hakuna vidonge vya watu.
– Akibweka, tutoke tutazame.
– Mabadiliko ya ghafla siyo uzee: mwite veterineri.
– Chanjo kwa kila mbwa, mzee na mdogo.

Somo hili lisomwe kwenye mkutano ujao wa koperative, na wale wasiojua kusoma wasomewe. Kama kwenu kuna njia nyingine iliyowasaidia, mwambieni animateri wenu ailete, tuiandike hapa ili na wengine wajifunze. Kazi njema, na usiku mwema kwenu na kwa wanaowachunga.